Bumu Likitoka, Kila Mtu Anataka Kusuka

Ukitaka kujua kama Bodi ya Mikopo imeingiza fedha, usiwaulize wanafunzi. Watakuambia bado, maana kila mmoja ana mtu anayemdai. Waulize wauza chipsi wa karibu na geti la chuo, au madereva wa bajaji wanaopandisha watu Kihesa. Au muulize msusi. Nilisuka vichwa kwenye hosteli za Iringa kwa muda wote niliokuwa nasomea ualimu, na siku ya bumu, yaani fedha ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, simu yangu ilianza kuita kabla sijanawa uso. "Dada, uko wapi? Rasta ninazo tayari." Wiki moja kabla, mtu huyohuyo alikuwa anapita dirishani kwangu na kilemba, eti mafua.

Wanafunzi wenye biashara zao ndogo wameandikwa sana. Karibu kila ninachosoma kinaanza na kipaji na kuishia kwenye mtaji. Vyote viwili vina nafasi yake, lakini mimi naona kinachoamua kama biashara ya mwanafunzi itaishi ni kalenda. Ukiwauzia wanafunzi wenzako, una wateja ambao fedha yao inaingia siku moja na kuisha kwa pamoja. Unaweza kuwa na mkono mzuri kuliko saluni zote za Miyomboni, ukafunga kwa sababu hiyo tu.

Posho ya chakula na malazi wakati naanza chuo ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku. Mwaka wa masomo 2022/2023, nikiwa namalizia, ikapanda hadi 10,000. Hailipwi kila asubuhi. Inakuja kwa mkupuo, ya wiki kadhaa kwa pamoja. Binti aliyetoka Makete au Ludewa, ambaye nyumbani kwao fedha nyingi huonekana msimu wa viazi au mahindi tu, anajikuta na laki tano kwenye akaunti na hakuna mzazi wa kumuuliza. Siku kumi za kwanza chuo kizima ni matajiri. Baada ya hapo utaona watu wanarudi kwenye ugali na maharage ya mama ntilie, wanakula wawili sahani moja, na hosteli inajaa wanaobebana, yaani wawili kitanda kimoja, kwa sababu kodi ya geto imeliwa.

Sasa weka msusi katikati ya mambo hayo. Mimi nilifundishwa kusuka na shangazi yangu Tukuyu, barazani, mvua ikinyesha kama inavyonyesha Tukuyu, yaani bila kuuliza. Nilianza na nywele za uzi, nikaingia twende kilioni, rasta zikaja baadaye. Shule za serikali tulizosoma tulinyolewa, kwa hiyo mazoezi yangu yote yalikuwa kwenye vichwa vya majirani wakati wa likizo. Nilipofika Iringa nilikuwa nasuka notilesi nyembamba, rasta zisizo na fundo mwanzoni, ambayo saluni za mjini ziliitoza 25,000 kwa ufundi peke yake, mteja akija na rasta zake. Mimi nilianza na 10,000.

Niliona bei hiyo ni ya haki, mwanafunzi kwa mwanafunzi. Kichwa kimoja kinazidi kidogo bumu la siku moja, nani atalalamika? Lakini notilesi nyembamba ni saa sita, na kama nywele ni nyingi hata nane. Ukianza baada ya kipindi cha mchana, unamaliza usiku wa manane, na Juni ya Iringa vidole vinakufa ganzi mpaka hausikii kama umeshika nywele au rasta. Ncha zinachovywa kwenye maji ya moto, na hosteli hairuhusu hita wala jagi la umeme, kwa hiyo maji unanunua kwa mama ntilie, chupa mbili za chai zimejaa, na unampa chochote kwa kuni zake. Ukitoa hayo, na ukitoa mafuta na jeli, saa moja ya kazi yako inaachiwa kama shilingi elfu moja na kidogo. Mtu akishakuambia "nipunguzie, mimi si shosti wako?" hata hiyo elfu haipo tena.

Na wote ni mashosti zako, hapo ndipo ugumu ulipo. Duka la mjini linamwona mteja kwa dakika tano. Wewe unalala naye chumba kimoja, mnafanya asaimenti pamoja, anajua mama yako anaumwa. Kudai deni la elfu kumi kwa mtu aliyekuandikia jina kwenye karatasi ya mahudhurio ni kazi kuliko kusuka kwenyewe. Nilimwona kaka mmoja wa mwaka wetu, fundi mzuri wa simu, akiacha ufundi kabisa kwa sababu kila aliyemwekea kioo alimlipa maneno. Kioo alikuwa ananunua kwa fedha yake.

Mimi niliweka utaratibu ambao ulinigombanisha na watu wawili watatu na ukaniokoa: nusu mbele, nusu kabla ya mstari wa mwisho wa kichwa. Si baada. Nikibakisha mstari mmoja nyuma ya sikio, naweka kitana chini, natoa simu. Wengine walicheka, wengine walinuna, lakini hakuna aliyetoka na kichwa chenye mstari mmoja wazi. Na malipo yote kwa simu, hata kama mtu ana noti mkononi, kwa sababu simu inaandika na noti haiandiki. Mwisho wa mwezi napitia ujumbe, najua nimeingiza nini. Kwenye daftari nilikuwa naandika wenye nywele ngumu, wasiopenda kubanwa pembeni, na wenye mdomo.

Turudi kwenye kalenda. Bumu likitoka unasuka mpaka unaumwa mgongo. Wiki ya tatu simu imenyamaza. Mtihani wa mwisho wa muhula ukikaribia, UE, hakuna anayekaa saa sita kwenye kiti. Watu wanabana nywele kwa mpira na kushika madesa. Wakati huo wanaovuna ni wenye printa na mashine ya kutoa kopi. Kisha mwezi wa saba chuo kinaondoka, watu wanatawanyika kwenda fildi, mafunzo kwa vitendo, wengine Songea, wengine Kyela, na mpaka Oktoba hosteli ni ya panya na walinzi. Ukiwa na wateja wa chuoni peke yake, una biashara ya nusu mwaka kwa gharama za mwaka mzima.

Ninachosema hapa hakiwahusu wasusi tu. Nimehamia Mbeya sasa na ninaona mambo yaleyale kwa vijana wa MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kule Iyunga. Chuo hicho kilianza kama chuo cha ufundi, kikawa taasisi, kikawa chuo kikuu mwaka 2012, na harufu ya karakana haijakitoka, kwa hiyo ujuzi wa mikono upo wa kumwaga. Wapo wanaopiga windo kwenye laptopu, yaani kuweka Windows upya, wanaobadilisha vioo na betri, wanaofunga nyaya za umeme kwenye vyumba vya Ikuti. Wanaofanya hivyo hosteli peke yake wanagombania vilaptopu vilevile kila muhula na kushushiana bei mpaka inafika ya soda. Wenye akili wamejipenyeza mitaani. Namfahamu mmoja anayehudumia kompyuta za shule mbili binafsi na steshenari kadhaa za Mwanjelwa. Bumu likichelewa, yeye hata hajui.

Wanafunzi wa usanifu majengo wana habari yao peke yao. Mbeya inajengwa sana, ukitokea Uyole mpaka Nzovwe utaona misingi mipya kila upande, na kila msingi unahitaji ramani. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza kuichora vizuri kabisa kwenye kompyuta, na watu wanamtafuta kwa sababu bei yake ni ndogo. Ila mchoro wake hauna muhuri. Muhuri ni wa mtaalamu aliyesajiliwa na bodi ya wabunifu majengo, na ukiona mgawanyo wa fedha kati ya aliyekesha na aliyegonga muhuri unaweza kusikitika. Mimi sisikitiki sana. Nyumba ikipasuka ukuta, anayeitwa si mwanafunzi. Kijana mwenye busara anajitambulisha tangu mwanzo kama mchoraji wa ofisi fulani, analipwa kwa mchoro, na akimaliza chuo ofisi hiyo inamjua.

Wapiga picha nitawapita haraka: Novemba na Desemba, msimu wa mahafali na majoho, wanapata, miezi mingine wanakodisha kamera kwa maharusi. Wanaoleta maparachichi ya Rungwe na mchele wa Kyela kwa mabasi ya jioni nawaheshimu, lakini huo ni uchuuzi, na uchuuzi unahitaji mtaji. Hapo ndipo watu wengi huingiza bumu lote. Anachukua laki nne, ananunua mtumba kamera, nguo za daraja la kwanza, kutoka soko la Sido, anakuta chuo kizima kimenunua mtumba wiki hiyohiyo. Kumbuka bumu si zawadi. Ni mkopo ambao ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa mwezi mpaka uishe. Kutumia mkopo wa chakula kununulia masweta ya kuwakopesha wenzako ni kukopa ili ukopeshe, na kati yenu wawili mwenye deni la serikali ni wewe. Mkono wako haukopwi popote, ndiyo maana nautetea.

Kuna biashara moja ya ujuzi ambayo semina za ujasiriamali haziitaji hata siku moja, na kwa macho yangu ndiyo inayolipa kuliko zote hapo chuoni. Kuandikiana. Ripoti za fildi, asaimenti, risachi nzima kuanzia sura ya kwanza mpaka marejeo. Wanaoifanya ndio vichwa vya darasa, watoto wa maskini mara nyingi, wenye kalamu nzuri na njaa. Wateja wao ni wenye fedha na uvivu, na siku hizi wafanyakazi wa maofisini wanaosoma jioni. Niliombwa. Niliambiwa bei ya risachi moja ambayo ingenichukua vichwa vingi sana kuifikia, bila maji ya moto, bila vidole kufa ganzi.

Nilikataa, na wala sijifanyi mtakatifu kwa hilo. Nilikuwa nasomea ualimu. Anayenunua risachi leo kesho anapewa darasa la watoto sitini, na mtoto mmoja wa hao anaweza kuwa wa dada yangu. Zaidi ya hapo, ile ni kazi ambayo huwezi kuitangaza, huwezi kudai hadharani ukidhulumiwa, na ukikamatwa unafukuzwa pamoja na mteja wako. Rafiki zangu wengine walidhulumiwa malipo ya sura tatu za mwisho na hawakuwa na pa kwenda kushtaki. Kila ninaposikia "geuza ujuzi wako uwe fedha" bila maelezo zaidi nawakumbuka hao, maana ndicho walichokifanya hasa.

Nilivyotoka getini mwenyewe na kupata wateja wa nje ya chuo ilikuwa kwa bahati ya mama mmoja wa Kihesa, yule aliyekuwa ananiuzia maji ya moto. Siku moja aliniangalia mikono, akanisalimia Kihehe, akasema, "Kamwene, mwanangu. Hivi na sisi watu wazima unatusuka, au ni hao wasomi wenzako tu?" Alikuwa na kitchen party ya mpwa wake Jumamosi. Nilimsuka yeye na dada zake wawili, uani kwake, kuku wakipita miguuni, na walinilipa bei ya mjini bila kunibembeleza, tena na chakula. Kumbe watu wazima hawaogopi bei. Wanaogopa kuharibiwa nywele na kuchelewa harusini.

Kuanzia hapo nikajifunza kalenda ya mji, ambayo haifanani kabisa na ya chuo. Iringa na Mbeya ni miji ya makanisa: Walutheri, Wamoraviani, Wakatoliki. Kwaresma harusi hazifungwi, kwa hiyo kusuka kunapungua. Pasaka ikipita, send-off na harusi zinafuatana mfululizo. Baada ya mavuno watu wana fedha. Kipaimara kinaleta mabinti wadogo wenye mama zao nyuma wakitoa maelekezo. Jumapili jioni ni watoto wa shule binafsi zinazoruhusu kusuka, twende kilioni bila rasta, dakika arobaini, bei ndogo lakini wanakuja kila baada ya wiki mbili na hawajui habari ya bumu. Desemba ndugu wanarudi kutoka Dar es Salaam na wanataka wapendeze kuliko waliobaki. Ukizipanga kalenda hizo mbili pamoja unagundua zinazibana mashimo: Julai mpaka Septemba, chuo kikiwa kitupu, ndipo mji unaoa.

Watu huniuliza kuhusu leseni na kodi, kana kwamba TRA inawavizia wasusi wa hosteli. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato. Kwa bei yangu ya mwanzo hiyo ni vichwa mia nne, zaidi ya kimoja kila siku bila mapumziko na bila UE. Hujafika huko, usijitishe. Ukifika, furahi, nenda ukasajiliwe. Shangazi yangu alikuwa na kile kitambulisho cha mjasiriamali cha shilingi 20,000 kilichoanza kutolewa Desemba 2018, akakitundika ukutani kama cheti cha ndoa. Mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo vijana wana 4 zao, ni kitu kizuri, lakini inatolewa kwa vikundi, na kikundi cha wanafunzi kinavunjika siku ya mahafali. Kama unataka kuifuata, jiunge na vijana wa mtaani unakoishi, wenye mama na mashamba hapohapo. Wanaotengeneza sabuni, karanga au viungo vya chai waende SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo la tangu mwaka 1973 ambalo wengi wanalipita barabarani bila kuingia. Barua yao ya utambulisho ndiyo inayomfungulia mjasiriamali mdogo mlango wa TBS, shirika la viwango.

Semina zenyewe sizipendi, nikiri. Mtu anakuja na suti kutoka mjini, anauliza "nani anataka kuwa milionea?", wote wananyoosha mikono, na mwisho anauza kitabu chake au anawaingiza kwenye upatu wa mtandaoni. Shangazi alinifundisha kugawa kichwa kwa kitana cha mkia bila kusema neno "fursa" hata mara moja. Sasa hivi serikali imeweka mkondo wa amali, yaani ujuzi wa kazi, sekondari, na nikisikia hivyo naona afadhali. Wakiwekewa na somo la kudai fedha bila kugombana nitashukuru zaidi.

Nilimaliza mwaka 2023. Ajira ya ualimu sikupata, kama wengi wetu, na mwanzoni mwa 2025 walimu walipoanza kufanyiwa usaili nilikwenda na vyeti vyangu kama mwenzangu yeyote. Bado nataka kufundisha. Lakini wakati nasubiri sijakaa nyumbani kwa mama. Nimekodi kiti kwenye saluni ya dada mmoja hapa Mwanjelwa, namlipa kwa wiki, na wateja ni wangu. Wanafunzi wa TEKU na wa Mzumbe wananifuata siku za bumu, nawapokea, ila sijajenga maisha juu yao. Jumatatu asubuhi niko na wake za wafanyabiashara.

Tangu mwaka jana ninafanya kazi na mabinti wawili wanaosoma. Nawalipa kwa kichwa, siku hiyohiyo, kwa simu. Wiki mbili za UE hawaji na sitaki kuwaona. Mmoja ana mkono mwepesi kuliko wangu, nasema bila wivu, na anamaliza Julai. Ameshaniambia anatafuta kiti chake mwenyewe upande wa Soweto. Nimemwambia vizuri, lakini asianze Kwaresma, na asikubali pango la miezi sita mbele. Tunachobishana kwa sasa ni wale kina mama watatu wa Forest. Mimi ndiye niliyewaleta, yeye ndiye anayewasuka, na wana namba zetu zote mbili.